Nati ya flaiwili ya Beetle imegoma: pawa baa na bomba, bunduki ya upepo, au spana ya gia?

Ukishaishusha injini ya Volkswagen Beetle chini, kazi nyingi zinakwenda kwa spana za kawaida, namba 13, 14 na 17, na nguvu za mkono wa mtu mmoja. Mabati ya feni yanatoka, kabureta inatoka, presha pleti ya klachi inaachia ukilegeza bolti zake sita. Halafu unafika katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililofungwa mwishoni mwa krenki (shafti kuu ya injini), kwenye nati moja yenye kichwa cha milimita 36, na hapo ndipo mafundi wengi wanaanza kutafutana.

Kwenye Toyota na Nissan tulizozoea, flaiwili inafungwa kwa bolti sita au nane, na kila bolti inabeba sehemu yake. Beetle imewekewa nati moja tu. Kati ya flaiwili na krenki zipo pini nne za kuzuia isiteleze, lakini kinachobana viwili hivyo pamoja ni nati hiyo peke yake. Ndiyo maana kiwanda kiliipangia toki (nguvu ya kukazia) ya kilogramu mita 30, yaani nyutoni mita 294 hivi. Nati ya tairi la gari dogo hukazwa kwa nyutoni mita 100 au kuzidi kidogo, kwa hiyo unayemkabili hapa ni karibu mara tatu yake, na hiyo ni siku ilipofungwa. Ikishakaa miaka na miaka kwenye hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa, itadai zaidi ya ilivyopewa. Tena hujui aliyeifunga mara ya mwisho aliifunga kwa kipimo au kwa hasira.

Ninayoyaeleza yanahusu Beetle, pamoja na Kombi zenye injini ya namna hiyohiyo. Kombi zilizobeba injini ile kubwa ya Type 4, za sisi 1700, 1800 na 2000, flaiwili yake imefungwa kwa bolti tano na hazina shida hii. Na jambo moja la kumaliza ubishi mapema: uzi wa nati hii ni wa kawaida. Ukiitazama flaiwili uso kwa uso, unafungua kinyume cha saa. Wapo wanaoshikilia kuwa uzi ni wa kushoto kwa sababu tu nati imegoma, wakaishia kuikaza zaidi.

Ni kitu gani hasa unachokifungua

Tunaiita nati, lakini ukifanikiwa kuitoa utaona ni bolti nene yenye tundu katikati. Uzi wake uko upande wa nje na unaingia ndani ya krenki. Ndani ya lile tundu kuna beringi ndogo ya vijiti, ambamo ncha ya shafti ya gieboksi inakaa na kuzunguka.

Umbo hilo linafuta baadhi ya njia kabla hata hujazijaribu. Kifaa cha kupasulia nati hakina kazi hapa, kwa kuwa chini ya kichwa hakuna uzi wa kuuachilia. Ukikipasua kichwa, utabaki na kisiki ndani ya krenki na kazi imeongezeka mara mbili. Mafuta ya kulegeza kutu nayo yanachelewa kufika panapohusika, maana uzi umefunikwa na kichwa chenyewe na washa pana iliyo chini yake. Yapulize jioni, yaache yalale, hayadhuru kitu. Usiyategemee tu. Mara nyingi kinachoshika si kutu ya kwenye uzi bali msuguano wa kichwa juu ya washa.

Nati yenyewe inapatikana mpya, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na krenki. Beetle ziliendelea kutengenezwa Puebla, Mexico, mpaka mwaka 2003, kwa hiyo vipuri vyake havijawa adimu kama umri wa gari unavyotishia. Nati ikiliwa pembe, nunua nyingine. Kinachotakiwa kulindwa kwa gharama yoyote ni uzi wa ndani ya krenki na mashimo ya zile pini.

Shika flaiwili kwanza, chombo baadaye

Ukiwasikiliza watu wakibishana kuhusu nati hii, wanabishana chombo: bomba la urefu gani, bunduki ya kampuni gani. Mimi naona nusu ya ushindi iko kwenye namna ya kuizuia flaiwili isizunguke. Bomba la mita moja na nusu lisilo na kizuizi cha maana linazungusha injini nzima sakafuni.

Kizuizi ninachokiamini kuliko vyote ni kipande cha chuma cha engo, kile chenye umbo la L. Fundi wa kuchomelea yeyote anacho kwenye mabaki yake. Kitobolewe matundu mawili yanayolingana na mashimo mawili ya presha pleti kwenye flaiwili, kisha kifungwe kwa bolti za milimita 8 zilizo imara, zikazwe mpaka mwisho ili chuma kikae bapa juu ya flaiwili. Ncha ya pili ishuke mpaka sakafuni. Hakikisha tu hakipiti juu ya nati, maana soketi inahitaji nafasi ya kuingia na kukaa wima.

Sasa angalia upande. Unapofungua, flaiwili inataka kuzunguka kinyume cha saa, yaani upande wake wa kushoto unashuka. Chuma cha engo kikilala kushoto, kinakandamizwa sakafuni na sakafu inakirudishia nguvu. Pawa baa, ule mkono mrefu wa kuzungushia soketi, nayo iweke kushoto, usukume kuelekea chini. Vikiwa na urefu unaokaribiana, uzito wako unashuka upande ule na sakafu inausukuma juu upande uleule, na injini iliyo katikati haisikii kitu. Inakaa palepale kana kwamba haihusiki. Ukikiweka chuma kulia kikanyanyuka hewani, au ukakiegemeza kwenye mguu wa meza, utakuwa unapigana na nati na injini kwa wakati mmoja.

Kifaa cha dukani ni kile kipande chenye meno kinachoshika meno ya flaiwili na kufungwa kwenye bolti ya injini. Ni kidogo, kinakaa mfukoni, na kwa nati isiyo na kiburi kinatosha. Ubaya wake ni kwamba nguvu yote inaishia kwenye sikio la blok (mwili wa injini), na blok ya Beetle ni aloi ya magnesiamu, si chuma cha kusubu. Vilevile, kwa kuwa kizuizi kimeshikamana na injini, injini yenyewe ndiyo inayotakiwa isipinduke. Ina uzito wa kilo mia hivi. Mtu mzima akining'inia kwenye bomba refu, inaanza kuinuka upande mmoja kabla nati haijashtuka, na utahitaji watu wawili wa kuikalia. Kwa kufungua nati iliyogoma, kifaa hiki nakiweka chini ya chuma cha engo bila kusita.

Bisibisi iliyochomekwa kwenye meno ya flaiwili ni njia ya kuvunja jino au bisibisi, mara nyingine vyote. Kamba inayosokotwa kupitia tundu la plagi ili kumzuia pistoni inafanya kazi kwenye mashine ya kukatia majani. Hapa unaitwisha pistoni na koneti (mkono unaoiunganisha na krenki) nguvu ya nyutoni mita mia kadhaa, nguvu ambayo hukuwa na sababu ya kuipitisha huko.

Na usiivue injini kwanza ndipo urudi kwenye flaiwili. Fungua nati injini ikiwa bado nzima na nzito. Mafundi wenye haraka hutoa silinda na vichwa kwanza kwa sababu ni kazi rahisi, kisha wanabaki na blok nyepesi inayoruka kila wakigusa bomba.

Pawa baa na bomba

Ndiyo njia ya zamani. Unahitaji soketi ya 36, pawa baa, na bomba la maji la chuma la kuongezea urefu. Nguvu inapatikana kwa hesabu ya kawaida: mtu wa kilo 70 akiweka uzito wake wote kwenye ncha ya bomba la mita moja, anatoa karibu nyutoni mita 690. Akirefusha mpaka mita moja na nusu, anapita 1000. Nati nyingi za Beetle zinaachia kabla ya hapo.

Watu wengi wanakwama kwenye shingo ya pawa baa. Pawa baa ya nusu inchi ndiyo iliyo kwenye masanduku yetu, na ndiyo inayokatika. Ya robo tatu ina mraba mnene mara moja na nusu, na kwa kuwa nguvu ya chuma kuhimili kusokotwa hupanda kwa unene mara tatu, inahimili zaidi ya mara tatu ya ile ndogo. Usitumie adapta ya kutoka nusu kwenda robo tatu. Ukifanya hivyo umelirudisha tatizo mlangoni, kwani adapta ndiyo itakayokatika. Kama hutaki kununua pawa baa ya robo tatu, azima kwa mafundi wa malori.

Soketi iwe ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili inashika ncha tu za nati, na kichwa hiki si kirefu. Chungulia pia mdomo wa soketi: nyingi zimechongwa mteremko kwa ndani ili ziingie kwa urahisi, na mteremko huo unapoteza milimita mbili tatu za mshiko. Fundi mwenye jiwe la kusagia anaweza kuusaga mdomo uwe bapa, dakika chache tu, na soketi itakaa mpaka chini. Chini ya shingo ya pawa baa, karibu na soketi, weka gogo au tofali la kuibeba isiiname. Soketi ikiinama ndipo pembe zinapoliwa.

Kusukuma kwenyewe kuwe kwa uzito, taratibu, bila kuruka wala kushtua. Isipoachia, ongeza urefu wa bomba badala ya kuongeza vishindo. Usisimame umepanua miguu juu ya bomba, wala usiinamishe uso juu yake, kwa sababu ikiachia unashuka nayo. Mara nyingi inaachia kwa mlio mkali wa kukatika, na anayeusikia mara ya kwanza huwa na hakika amevunja kitu. Ndiyo maana kabla ya kusukuma unachora alama mbili zinazokabiliana, moja kwenye nati na moja kwenye flaiwili; sasa zitazame. Kama zimeachana, imefunguka.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba unaihisi nati. Unajua kama inateleza, kama inalegea, kama soketi inaanza kupanda. Haihitaji umeme, na soketi hiyohiyo ya 36 itafungua nati kubwa za ekseli za nyuma za Beetle, ambazo nazo zinakazwa kwa toki ileile. Hasara yake ni nafasi. Unahitaji sakafu ngumu na upana wa kuzungushia bomba, na ua wa mchanga haukufai mpaka utandike bati au ubao mnene chini ya ncha ya chuma cha engo.

Bunduki ya upepo

Bunduki inatumia akili nyingine. Badala ya kusukuma, inagonga kwa kuzungusha, mapigo mengi mafupi ndani ya sekunde moja. Kwa nati iliyoshikwa na kutu au msuguano hiyo ni dawa, kwa sababu kila pigo linaitikisa kidogo. Na kwa kuwa mapigo ni mafupi, uzito wa flaiwili yenyewe, karibu kilo nane, unakuwa sehemu ya kizuizi. Kizuizi chepesi kinatosha. Huo ndio utamu wa bunduki: injini inaweza kukaa kwenye meza, kwenye kona finyu, hata nyuma ya pikapu, na kazi ikaisha kabla chai haijapoa.

Tatizo ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye boksi haiji nyumbani na bunduki. Bunduki za nusu inchi zinatangazwa kwa nyutoni mita 600, 800, hata zaidi ya 1000, lakini zinapimwa kwa upepo wa kutosha wa pau 6 na zaidi. Kompresa ndogo ya lita 24 inatoa pigo zuri la sekunde chache, kisha mgeji unashuka na bunduki inabaki kupiga kelele tu. Mpira mwembamba unaikaba vilevile. Ekstensheni ndefu kati ya bunduki na soketi nayo inameza mapigo, hivyo soketi ikae kwenye bunduki moja kwa moja. Na iwe soketi nyeusi iliyotengenezwa kuhimili kugongwa. Ile ya kung'aa inaweza kupasuka na kurusha vipande.

Ya betri ya volti 18, ile kubwa na si ile ya kufungia skrubu, inafanya kazi hii vizuri siku hizi. Kwa anayeanza kununua vifaa ningemshauri hiyo kuliko kompresa ndogo, hasa mahali ambapo umeme unakatika bila taarifa.

Kama huna chochote kati ya hivyo, usinunue kwa ajili ya nati moja. Injini iko chini tayari. Pakia kwenye guta au bajaji ya mizigo, ipeleke kwa mafundi wa tairi za malori. Bunduki yao ya inchi moja inafungua nati za Scania kutwa nzima, na hii ya kwako kwao ni utani. Nenda na soketi yako ya 36 ya kugongwa, maana ndicho kitu wanachoweza kukosa.

Kuna jambo bunduki hailiwezi, nalo ni kukwambia imekaza kiasi gani. Nitalirudia chini, kwa sababu ndilo linalobadilisha hesabu yote.

Spana ya gia

Hii ni chombo chenye gia ndani. Unazungusha upande mmoja kwa nguvu kidogo, upande wa pili unatoka kwa nguvu nyingi na polepole. Zipo zilizotengenezwa mahususi kwa Beetle, zenye uwiano wa moja kwa tisa, zinazokaa juu ya flaiwili na kujishikiza zenyewe. Kwa hiyo kizuizi na nguvu vimo kwenye chombo kimoja. Unatumia racheti ya kawaida ya nusu inchi. Nati inayodai nyutoni mita 600 unaifungua kwa 67 mkononi, nguvu ambayo kijana wa sekondari anayo. Hakuna bomba wala watu wa kuikalia injini.

Kwa ubora wa kazi ndiyo inayoongoza. Kwa mfuko, hapana. Mahususi ya Beetle utaiagiza nje, na usafiri unaweza kukusumbua kuliko bei. Inamfaa mwenye gereji inayoishi na Beetle, au kundi la wapenzi wa magari haya likichanga na kuwa nayo moja ya kuazimana. Nchini Kenya na Tanzania bado wapo wengi wanaolitunza gari hili lililoshinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, na si lazima kila mmoja wao amiliki cha kwake.

Ipo binamu yake madukani: spana ya gia ya kufungulia tairi za malori, yenye mkono wa kuzungusha na mguu wa kuegemea nati ya jirani. Uwiano wake unafika moja kwa hamsini na kitu. Nimeona watu wakiitumia kwenye Beetle kwa kuutengenezea mguu wake mahali pa kuegemea kwenye chuma cha engo. Inafungua, hakuna ubishi. Lakini kwa uwiano huo mkono hauhisi chochote. Soketi inaweza kuwa inapanda pembe, wewe unazungusha tu kama unavuta maji kisimani. Soketi zinazokuja nayo nyingi ni 32 na 33, kwa hiyo 36 utajitafutia. Kwa kufungia, isahau.

Njia nyingine, kwa ufupi

Spana ya kugonga, ile nene ya mpini mfupi unaopigwa kwa nyundo ya kilo mbili, iko katikati ya bomba na bunduki. Inatoa mtikisiko mzuri, ila pigo likikosea pembe linaisukuma krenki pembeni, ndani ya beringi ambazo huenda ulitaka kuzitumia tena. Kama unazibadilisha hata hivyo, haina neno.

Gesi naikataa kwenye injini hii. Upande wa pili wa flaiwili kuna sili, oringi na mafuta ya miaka mingi, na blok ni ya magnesiamu. Uso wa flaiwili ndio unaoshikwa na pleti ya klachi, na ukiuchoma sehemu moja unaweza kupinda au kuwa na madoa magumu, klachi ikaanza kutetemeka siku ya kwanza. Kinachoweza kunibadilisha mawazo ni dalili kwamba aliyetangulia alimimina gundi nyekundu ya kufungia uzi, ambayo hulegea ikifika joto la nyuzi 250 hivi. Hata hapo ningetafuta kwanza bunduki kubwa zaidi.

Tindo ndiyo ile "bosi, tuipige tu" ya gereji bubu. Kichwa kinaliwa, nati haiachii, na soketi itakayokuja baadaye haina pa kushika. Ikiwa pembe zimeshaliwa tayari, peleka kwa fundi wa kuchomelea aunganishe nati kubwa juu ya kile kichwa. Joto la kuchomelea litasaidia kidogo, na utapata pembe mpya za kushikia. Kabla ya hapo funika uso wa flaiwili kwa kitambaa kilicholoa, na waya wa ardhi wa mashine ushikwe kwenye flaiwili, si kwenye blok, ili umeme usipite kwenye beringi.

Chagua ukiwa unafikiria kufunga

Ulinganisho mwingi wa vyombo hivi unaishia kwenye kufungua. Lakini nati hii itarudi, na kurudi kwake ndiko kunakoamua kama injini itadumu. Ikiwa legevu, flaiwili inacheza kidogo sana, pini zinakula mashimo yake, mashimo yanakuwa mviringo wa yai, na siku moja unasikia mgongano nyuma ya gari kila unapoachia klachi. Hapo krenki na flaiwili vyote viwili vimekwisha.

Nikiitazama hivyo, bunduki inashuka daraja. Inafungua vizuri kuliko nyingine kwa haraka, lakini haifungi kwa kipimo, na fundi anayesema "nimesikia imeshiba" anabahatisha. Ukiichagua, bado utahitaji chuma cha engo na pawa baa siku ya kufunga. Ndiyo maana kwa mtu anayefanya kazi hii nyumbani, mara moja baada ya miaka kadhaa, mimi namwambia aanze na chuma cha engo na pawa baa ya robo tatu, kisha bunduki aazime ikishindikana. Mwenye gereji anayeingiza Beetle mara kwa mara, bunduki ya betri ya kufungulia na spana ya gia ya moja kwa tisa ya kufungia vitamlipa. Kwa spana hiyo, toki renchi ya kawaida inasetiwa karibu nyutoni mita 33 upande wa mkono, na upande wa nati zinatoka 294 hivi.

Kwa mwenye pawa baa, kikwazo ni kwamba toki renchi nyingi za nusu inchi zinaishia nyutoni mita 200 na kitu. Hapo ile namba ya zamani ya kiwanda, kilogramu mita 30, inakuwa rafiki. Gawanya 30 kwa uzito wako wa kilo, utapata umbali wa mita ambao uzito wako unatakiwa ukae kutoka kwenye nati. Mtu wa kilo 60 asimame kwenye sentimita 50. Wa kilo 75, sentimita 40. Wa kilo 80, sentimita 37 na nusu. Wakati wa kufunga, chuma cha engo kihamie kulia, bomba nalo kulia, na unashuka kufuata saa.

Kabla ya hapo, nati iliyolegea usiitoe yote kwanza. Iache imeshika nyuzi chache, halafu gonga flaiwili kwa nyuma kwa kipande cha mbao huku na huku mpaka iachie zile pini. Ikitoka ghafla, nati itaidaka. Isipokuwepo, kilo nane zinatua kwenye vidole vya mguu. Piga alama ya nukta kwenye flaiwili na kwenye ncha ya krenki ili irudi kwenye pini zilezile, na zile shimu (washa za kupimia nafasi) tatu nyembamba zilizo nyuma yake zifunge pamoja kwenye karatasi. Ndizo zinazoweka mchezo wa krenki, yaani kusogea kwake mbele na nyuma, kati ya milimita 0.07 na 0.13, na zikichanganyika na za injini nyingine utaanza kupima upya.

Sili na oringi weka mpya, hazina bei ya kubishania. Safisha uzi, pitisha mafuta kidogo, weka grisi kiasi cha ncha ya kidole kwenye beringi ya vijiti. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye kichwa cha nati mpaka kwenye flaiwili ukishamaliza kukaza, ili siku nyingine ikishushwa injini ujue kama nati imesogea. Na ule umbali wa kusimama upime kutoka katikati ya soketi, bomba likiwa limelala sambamba na sakafu, kwani bomba likielekea juu au chini uzito wako haufiki wote kwenye nati.